Mawese kwenye Meno ya Roboti

Mpelekee Florentin redio iliyokufa. Kabla hajaifungua ataigeuzageuza, ataitikisa karibu na sikio, kisha atakutajia ugonjwa wake, na akishautaja hutaki tena kubishana naye. Hiyo ndiyo sifa yake Kindu, mji wa mto na reli mashariki mwa Kongo, na ni sifa ya haki. Mkewe Pélagie amebishana naye tangu siku ya harusi na hajawahi kushinda. Siku hizi Florentin anafundisha umeme katika shule moja ya ufundi upande wa stesheni, na jioni huwabakiza wanafunzi wachache katika chumba cha nyuma, kilichokuwa ghala la madawati mabovu, wajenge roboti.

Ubishi wake aliuokota vitani. Vita vilipoifunga Kindu, yeye alikuwa kijana anayejifunza kazi katika karakana ya reli. Treni iliacha kuja. Mashua kutoka chini ya mto nazo ziliacha kuja, na sabuni, chumvi, misumari na grisi vikaadimika kwa pamoja. Lakini watu walipaswa kula, na muhogo ulikuwa mbali, kwa hiyo vijana wa karakana walifunga magurudumu ya zamani chini ya mbao, wakawa wanakisukuma kitoroli hicho kwa mikono juu ya reli mpaka mashambani. Magurudumu yalilia kiasi cha kuwaamsha wenye bunduki. Ndipo fundi wao mkuu alipowafundisha kuchemsha mawese mpaka yawe meusi, kuyachanganya na mabaki ya mishumaa, na kuyapaka kwenye vyuma. Alikuwa na sharti moja: kilichopakwa hakifunikwi. Kinalala wazi usiku mzima ili mafuta yagande na kushika. Wakayaita mafuta ya vita, na kwa kweli yaliwaokoa. Florentin hajasahau hata siku moja kwamba walikula kwa sababu ya mafuta yale.

Mdogo wake, Okito, hakuwa na subira ya kitoroli. Alikwenda Kalima kuchimba kasiteriti, mawe ya bati, pamoja na wenzake, akiwa na umri wa kukaa darasani kama darasa lingekuwepo. Mvua ikanyesha, shimo likajaa, likaporomoka. Wenzake walirudi na shati lake tu, na waliliweka mikononi mwa Florentin kwa sababu mama yao alikataa kulipokea. Tangu hapo hawezi kumsikia kijana akitaja shimo bila kumkatiza. Wengine walitoka vitani na chuki ya askari, au ya wanasiasa. Yeye alitoka na chuki ya mashimo.

Kwa hiyo utaelewa alivyojisikia siku Dieumerci alipokuja shuleni.

Dieumerci alikuwa mchimba dhahabu wa machimbo ya Kama, mtu mpole mwenye mabega mapana, vumbi jekundu limemwingia mpaka kwenye kope. Alikuja kumchukua mdogo wake Destin. Na Destin ndiye aliyekuwa roho ya kile chumba cha nyuma. Ni yeye aliyekata magurudumu yenye meno kutoka kwenye sahani za plastiki kwa kisu cha moto, maana vipande vilivyoagizwa vilikwama Goma, na Goma ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa waasi. Vita vipya, kero ile ile. Mwenzake Christelle ndiye aliyeendesha, kwa telekomande iliyotolewa kwenye gari la kuchezea la mtoto wa jirani.

"Mwalimu, mimi sikatale masomo," Dieumerci alisema, amekaa kwenye benchi ameinama. "Lakini masomo inaishia wapi? Mukubwa wetu alipata diplome, leo iko anauza unga ku soko. Mama amezeeka. Peke yangu siwezi tena."

"Mupe siku kidogo," Florentin akamwambia. "Kuko mashindano ya majaribio ya roboti, mbele ya musimu kuanza. Wafundishaji wanatoka Kinshasa. Timu yenye itapita, watalipia mpaka mwisho ya masomo. Uje uone na macho yako."

Dieumerci akasimama. Kisha akanyoosha mkono.

"Ikipita, mutoto njo wako. Isipopita, naenda naye Kama."

Wakapeana mikono. Ni jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, kwamba mashindano ya majaribio yamewekwa ili watu wakosee kwa raha. Unaleta mashine yako, inaanguka, unajua kasoro yake, unarudi nyumbani kuirekebisha kabla ya msimu wenyewe. Lakini mwaka ule ndege zilikuwa chache na barabara hazina usalama, na wafundishaji walitangaza kwamba hawataweza kurudi mara ya pili. Watachagua hapo hapo. Timu nyingine zilinung'unika kidogo zikaendelea na kazi. Destin hakunung'unika, ila aliacha kwenda nyumbani mchana kula.

Siku moja kabla ya majaribio roboti ilianza kulia. Meno ya plastiki yalisagana, mkono ukapanda kwa shida ukikwaruza, na kila ulipopanda Florentin alikunja uso kana kwamba ni jino lake linalosagwa.

"Prof, tutafute mafuta ya masini ya kushona," Christelle alisema. "Tantine yangu, mudogo ya mama, iko nayo."

"Mafuta ya masini ni maji tu. Itatiririka, itaisha. Mimi najua dawa."

Akaenda nyumbani, akamwomba Pélagie sufuria na mawese. Pélagie alimtazama akikoroga mawese na vipande vya mshumaa mpaka jiko likajaa moshi, akamwuliza kama roboti nayo siku hizi inakula mboga ya sombe. Florentin alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki ile, na alirudi shuleni na kikopo chake akitembea kama kijana.

Alipaka meno yote. Kwa kuwa hapendi kazi nusunusu, alilifungua bamba la chini akapaka pia mahali nyaya zinapopita kwenye ukingo wa plastiki, zisichubuke. Destin alimshikia taa. Roboti ikanyamaza kabisa. Mkono ulipanda na kushuka bila sauti, na Destin akatabasamu mpaka akaona aibu. Basi kila jioni roboti ilifungiwa katika sanduku la chuma. Jioni ile Florentin alikataa.

"Yenye imepakwa haifunikwe. Inalala inje, mafuta ishike."

"Prof, humu ndani muko panya," Christelle akasema.

"Panya watafanya nini na roboti?"

Msichana akatii, kwa sababu mwalimu ni mwalimu. Wakaiacha mezani, wazi, inanukia kama jiko la Pélagie.

Asubuhi meno yalikuwa safi, yamelambwa mpaka yanang'aa, na mezani kulikuwa na mavi ya panya. Florentin aliyafuta kwa mkono kabla wengine hawajayatazama sana. Aliwasha. Magurudumu yakazunguka. Akazima haraka, kwa sababu betri ilikuwa imeshiba jua la jana tu na hakutaka kuipunguza.

"Tufungue bamba ya chini, tuangalie," Christelle akasema.

"Inatembea. Hukuona vile inatembea? Saa imefika, twende."

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Walikuwapo vijana wa Alunguli waliovuka mto alfajiri, roboti yao imefungwa kwenye kitenge, na timu moja ya Kalima iliyolala njiani. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: makopo matupu ya nyanya yamepangwa upande mmoja wa meza kubwa, roboti iyabebe moja moja mpaka upande wa pili kabla ya filimbi. Walimu walikaa nyuma ya mstari wa chaki, na sheria ilikuwa kwamba hawagusi kitu. Dieumerci alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kwenye misa ya watu wengine.

Roboti ya Destin ilitoka vizuri. Ilifika kwenye kopo la kwanza, ikalikamata, ikalinyanyua, na watu wakanong'ona kwa kuisifu. Katikati ya meza ikasimama.

Christelle alibonyeza. Akabonyeza tena, akaigonga telekomande kwenye paja. Roboti ilibaki pale imeinua kopo juu. Destin aliruka, akaipindua, akafungua bamba la chini kwa ukucha na bisibisi. Florentin, nyuma ya chaki, hakuhitaji kuona. Alijua. Panya walikuwa wamezifuata nyaya kwa ajili ya mawese, wakazitafuna gamba na shaba kila mahali alipozipaka kwa uangalifu wake mwenyewe, na kilichobaki ni nyuzi mbili tatu zilizotosha kumdanganya asubuhi. Alitaka kuwaambia wasimamishe muda. Alitaka pia ardhi ya ukumbi ipasuke immeze.

Destin hakuinua kichwa. Alizimenya nyaya kwa meno, akazisokota, akachomeka njiti ya kiberiti katikati zisigusane, mikono yake ikienda haraka. Ilikuwa kazi nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kumwona akifanya. Filimbi ikalia. Muda mfupi baadaye roboti ilisimama kwenye magurudumu yake, ikalibeba kopo mpaka upande wa pili, ikaliweka chini taratibu. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mwamuzi naye akapiga, kisha akaandika sifuri.

Florentin alivuka chaki.

"Kosa njo yangu," alimwambia mwamuzi. "Watoto walinikataza. Mimi njo nilipaka mawese, panya ikakula nyaya."

Mwamuzi, kijana wa Kinshasa mwenye adabu, alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba anasikitika, kwamba hayo yanatokea, na kwamba kazi ya majaribio ni kuonyesha makosa kama hayo ili msimu ukifika yasirudiwe. Halafu akaita timu ya Alunguli.

Mchana wote hakuna aliyemlaumu Florentin, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Christelle angeweza kusema "nilikuambia." Hakusema. Alikaa chini na roboti mapajani akiifuta kwa kanga. Jioni Alunguli wakatangazwa, wakaimba wakielekea mtoni na kitenge chao.

Dieumerci alimngoja Florentin nje, Destin kando yake na begi lililokuwa tayari limefungwa. Pengine lilifungwa tangu asubuhi, mama yake akiwa hana imani na mashine. Florentin alikuwa ametayarisha maneno ya kuomba. Alitaka kuomba muhula mmoja, hata mwezi mmoja. Lakini waliahidiana kwa kupeana mikono, na usoni mwa yule mtu hakukuwa na ukali wowote wa kupigana nao. Alikuwa anatabasamu.

"Mwalimu, miye leo nimeona," Dieumerci alisema. "Kusema kweli nilikuwa nadhani ni michezo. Lakini vile huyu mutoto alifungua kile kitu, akatengeneza mbele ya watu, mara moja! Sisi kule Kama tuko na motopompi ya kuvuta maji ndani ya shimo. Inakufa kila wiki, na ikikufa wenye kuwa chini wanakimbia maji. Hatuna muntu wa kutengeneza. Nilikuwa nakuja kutafuta mwenye kubeba udongo, Mungu ananipa fundi. Asante sana, Mwalimu. Umetusomeshea."

Florentin alimtazama Destin, akitumaini kumwona analia, maana machozi angejua kuyajibu.

"Prof, ile motopompi iko na mota kubwa kushinda ya yetu yote," Destin akasema. Alijaribu kuwa na huzuni, kwa heshima, lakini sauti ilimponyoka. "Nitaifungua. Nitaona vile iko ndani."

"Usishuke chini," Florentin akasema. "Tengeneza ukiwa juu. Unanisikia? Usishuke."

"Ndiyo, Prof."

Wote watatu walijua kwamba motopompi huwekwa chini, penye maji. Dieumerci alivaa kofia yake, akampa mkono, na alipokuwa ameshaugeuza mwili kuondoka akakumbuka jambo.

"Mwingine kama huyu, hauna? Wenzetu wa shimo ya pili nao wako na motopompi."

Christelle alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, roboti imekumbatiwa kifuani. Alikuwa na kaka zake wawili Kama.

"Hapana," Florentin akasema. "Sina mwingine."

Aliwasindikiza kwa macho mpaka wakapotea upande wa kivuko. Jumatatu jioni Christelle alikuta chumba cha nyuma kimefungwa kwa kufuli. Alimfuata Florentin darasani, alikokuwa akifuta ubao uliokwisha kufutika, akamwuliza ufunguo uko wapi, kwa sababu alikuwa amepata mafuta ya cherehani na alitaka kuanza upya.

"Umepotea," Florentin akamjibu bila kugeuka. Ulikuwa mfukoni mwake, na aliushika humo mpaka aliposikia msichana anaondoka.