Salamu ya juu ya ukuta

Nyumba niliyopanga Mikumi ina vyumba sita chini ya bati moja. Kuta zake zilikuwa hazifiki juu. Ziliishia kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, na hapo sauti zilipita zilivyotaka. Jirani akikohoa, wote tulijua.

Mimi ni mtu wa aibu. Tangu nitoke kwetu Zombo kuja kupiga randa mbao, sikuwa na wa kuzungumza naye. Nikikutana na watu koridoni nainamisha macho, shikamoo inaishia kooni. Lakini kila alfajiri, nikiwa bado kitandani, niliweza kumwamkia bibi wa chumba cha pili, muuza mboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo vaa sweta, milimani kuna wingu."

Hayo tu. Yalinitosha siku nzima.

Kisha mwenye nyumba akaikarabati nyumba na sisi tukiwa humo humo. Fundi alikwenda chumba kwa chumba, vyombo vyetu vikarundikwa koridoni. Akapandisha kuta kwa matofali mpaka kwenye bati, akapigilia dari.

"We fundi, unanizika mzima mzima?" bibi alimuuliza.

"Ndiyo kisasa, bibi. Sasa kila mtu na siri zake."

"Siri gani niliyo nayo mimi? Ya mchicha?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika tendegu la kitanda changu, sikucheka.

Asubuhi ya kwanza nilisema shikamoo. Haikujibiwa. Nikapandisha sauti, ikagonga dari mpya ikabaki na mimi. Ya pili hivyo hivyo.

Ya tatu nilikuwa nyuma ya mlango wa uani na ndoo yangu, nikamsikia bibi bombani akimuuliza mama wa chumba cha kwanza.

"Yule kijana kahama?"

"Yupo, bibi. Yule kazoea kuamkia bati, kuamkia watu hawezi."

"Basi mimi kanisusa."

Mwisho nikausukuma mlango, nikasema shikamoo nikitazama miguu yake. Alivaa malapa ya rangi mbili tofauti.

"Marahaba," akasema. "Inua uso basi."

Niliuinua kidogo, nikakinga maji, nikarudi ndani.

Siku hizi natoka mapema nimuwahi. Nikichelewa nakuta ameshakwenda sokoni, na siku hiyo sauti yangu siisikii mpaka arudi jioni.