Ukumbi mzima ulimcheka baba yangu, na kila mtu mle ndani alijua kwa nini haifai

Habari zenu wakuu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, sijawahi kufungua uzi. Huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, kwa sababu mimi ni mtu wa kuwaza sana. Hata nikituma "sawa" kwa WhatsApp naisoma kwanza.

Leo nautuma na hasira zangu zote. Ni mambo yaliyotokea kweli, ila majina ya familia nimebadilisha. Mchekeshaji mwenyewe simtaji. Views alizopata zinamtosha.

Kwanza mnielewe tunavyoishi.

Kwetu ni Nyansiongo, kule Nyamira. Baba ana ng'ombe wachache wa maziwa na kipande cha majani chai. Mimi nilimaliza chuo, kazi bado, nimepanga bedsitter hapa Nyanchwa juu ya mji wa Kisii nikituma maombi ya kazi. Kaka yangu mkubwa, nimuite Nyakundi, ni dereva wa lori. Anaishi mjini na mkewe Moraa.

Baba akija Kisii hulala kwangu, si kwa Nyakundi. Nyumba ya mwana aliyeoa, baba haingii. Sisi tunaiita chinsoni, ile heshima na haya kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Hawapeani mikono. Hawaketi kiti kimoja. Mambo ya chumbani hayatajwi wote wawili wakiwepo.

Kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba huo ni ushamba. Ngoja.

Moraa akisikia baba amekuja, anapika chapati, anazipanga kwa hotpot na kunipa nipeleke. Baba anakula, anajifuta mdomo, anasema, "Mwambie amenishibisha." Narudisha ile hotpot ikiwa imejaa ndizi mbivu alizotoka nazo nyumbani. Wakikutana njiani kila mmoja anasimama upande wake wa barabara, wanaulizana habari za ng'ombe, za mvua, za mama, mpaka mimi nachoka kusubiri.

Tangu aolewe hawajawahi kugusana hata kidole. Na sijaona watu wanaopendana kama wale wawili.

Sasa, baba alikuwa shabiki mkubwa wa huyu mchekeshaji. Jamaa ana kipindi cha redio kwa Ekegusii asubuhi, na baba ameitundika redio yake kwa msumari ndani ya boma la ng'ombe. Anakamua huku anacheka. Mama hulalamika kwamba siku jamaa akichekesha sana maziwa yanamwagika.

Niliposikia anakuja Kisii na show ya Jumapili mchana, nikampigia baba. (Jumapili, kwa sababu huku watu wa Sabato ni wengi, Jumamosi angechekesha viti.) Baba akaja na koti lake la kanisani na ile kofia yake ya kahawia ambayo haivai shambani.

Moraa naye akataka kuja. Alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza na imekua, Nyakundi yuko safarini, amechoka kukaa peke yake. Mimi na kuwaza kwangu nikamuuliza kijana wa tiketi kama kutakuwa na matusi.

"Bro, hii ni family show," akaniambia.

Basi mimi na baba tukaketi safu ya pili. Moraa akaketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Inavyotakiwa.

Nusu ya kwanza ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Baba alicheka mpaka akanipiga kofi gotini. Nilijisikia nimefanya kitu cha maana kwa mara ya kwanza tangu graduation.

Halafu jamaa akasema ni wakati wa mchezo.

"Nani hapa amekuja na mke wa mwanawe? Asimame tumuone!"

Wakuu, hapa ndipo penye kuniuma zaidi. Baba amezoea kanisani. Sabato ikifika wageni wanaombwa wasimame, wanajitambulisha, wanakaribishwa. Kwa hiyo baba alisimama. Akavua kofia. Akasema kwa sauti ya kutosha:

"Mimi hapa. Nawaletea salamu kutoka kanisa letu la Nyansiongo."

Ukumbi ukaanguka kicheko. Baba akatabasamu, akadhani wamefurahia salamu.

"Karibu sana, omogaka, mzee wetu! Panda huku juu! Na mke wa kijana yuko wapi?"

Baba akapanda jukwaani, akaonyesha nyuma kwa kofia yake. "Yule mwenye kitambaa cha bluu. Ni mtu mzuri sana, yule."

Moraa akaitwa. Angefanyaje? Mzee ameshamtaja mbele ya watu, akikataa ataonekana amemdharau. Akatembea polepole kutoka kule mlangoni, mkono mmoja kwa tumbo. Alipofika jukwaani akasimama mbali na baba, pale pale angesimama barabarani.

Jamaa akatazama ile nafasi kati yao. Akaigeukia hadhira. Akainua nyusi tu.

Na watu wakapasuka.

Mmeelewa? Hakuhitaji kueleza joke. Kila mtu mle ndani aliijua ile nafasi ni ya nini, kila mmoja ana baba, ana mkwe, ana nyumba ambayo haingii. Kama ukumbi ungejaa watalii, hakuna ambaye angecheka.

"Hapa kuna mtungi wa gesi," jamaa akasema. "Mpya! Mzee akimkumbatia tu huyu mama, wanaubeba nyumbani."

Nyuma mtu akaanza, "Kumbatia!" Safu yetu ikajibu. "Kumbatia! Kumbatia!" Watu wakapanda juu ya viti na simu zao. Mwanamume mmoja wa rika la baba, koti kama la baba, alikuwa anapiga makofi na kofia chini ya kwapa.

Kando yangu alikuwa mama mmoja muuza mitumba, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Akaniuliza, "Mbona mnacheka nyinyi? Hata kwetu mkwe hafanyiwi hivyo." Nilikuwa nawaza nikipanda pale nitafanya iwe mbaya zaidi, nisipopanda je, nikipiga kelele nani atanisikia. Unajua akili inavyozunguka.

Baba aliweka mikono nyuma, kofia ikiwa imeshikwa huko nyuma. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayekataa chai.

"Mzee anaona haya! Tumsaidie?"

"Ndiyoooo!"

Jamaa akamvuta baba mkono mmoja kutoka mgongoni, akauweka kwa bega la Moraa.

Zile kelele sijawahi kuzisikia hata kwa mpira.

Moraa aliruka nyuma, akajikwaa kwa waya wa spika, karibu aanguke na lile tumbo. Akavuta kitambaa kutoka kichwani akajifunika uso. Baba akautazama mkono wake. Halafu akashuka, akapita katikati ya viti akatoka. Kofia ikabaki chini jukwaani.

Jamaa akaiokota, akaivaa, akaanza kutembea kama baba. Watu wakalia kwa kucheka.

Nilimpata baba nje amesimama karibu na ukuta. Moraa alikuwa upande mwingine wa geti, amewapa watu mgongo. Baba akaniambia, "Mpandishe boda ya mtu anayeendesha polepole." Akaondoka kwa miguu kuelekea stage ya magari ya Nyansiongo. Kwangu hakulala. Kofia hakuiulizia.

Nilirudi ndani kuichukua. Jamaa alikuwa chumba cha nyuma anakunywa soda, anapongezwa.

"Ile kofia ni ya baba yangu."

"Aaah, wewe ndiye kijana ya mzee! Mzee ni legend, bro. Hata mtungi nimewawekea."

"Wewe ni Mgusii. Unaweza kumfanyia baba yako vile?"

Akacheka, akawatazama wenzake. "Baba yangu huwa haji kwa show zangu."

Wenzake wakacheka pia. Yeye akaacha kucheka kabla yao, akanipa kofia bila kunitazama. Mtungi niliuacha pale pale.

Klipu ikawekwa mtandaoni siku ya pili, na muziki wa harusi juu yake. Nyakundi aliiona mahali wanapokula madereva, mwenzake akimwonyesha simu: "Cheki hii ya kwenu!" Aliniambia alicheka kidogo kabla hajaona ni nani. Hicho kicheko kidogo hajajisamehe mpaka leo. Mimi nimemwambia si kosa lake, lakini hataki kusikia.

Mimi nilisoma comments zote. Zote. "Mzee anajifanya tu." "Huyo alikuwa anataka." Majina ni ya kwetu kabisa, akina Onsare na Kemunto. Niliandika kuomba iondolewe, nikajibiwa, "Relax, content ndiyo hiyo." Niliwaandikia wenye page yake DM kistaarabu, nikawaandikia bila ustaarabu. Klipu bado iko.

Kule nyumbani baba akipeleka maziwa, vijana wanaopokea humsalimia kwa "Kumbatia!" Anaweka mtungi wa maziwa chini, anangoja upimwe, anaondoka. Redio ameitoa kwa msumari. Mama anasema sasa maziwa hayamwagiki.

Moraa alijifungua salama, msichana. Tulimpigia baba aje kumwona, hata akae nje kwangu aletewe mtoto. Akasema mjini haji tena, watu wanamjua sura.

Lazima mjue kitu kimoja. Kwetu, baba na watoto wake wana mipaka, lakini babu na mjukuu hawana. Hao ndio wanaoruhusiwa kutaniana wanavyotaka. Babu anaweza kumwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", mjukuu akamjibu hana meno. Baba alikuwa amemngoja mtu wa kutaniana naye miaka mingi.

Ikabidi Moraa ampeleke mtoto Nyansiongo. Nilienda nao, na ile kofia nikaibeba. Hatukuwa tumeiongelea, nilimpa tu baba, akaivaa. Moraa akasimama mbali, mbali zaidi kuliko zamani, niliona. Salamu zao zikaisha haraka. Akampa mama mtoto, mama akampelekea baba pale kwenye benchi.

Baba akamtazama yule mtoto. Midomo ikaanza kucheza, nikajua anatafuta utani wa kwanza.

Binamu yangu akainua simu. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kumbukumbu.

Baba akavua kofia haraka akamfunika mtoto uso. Akakaa hivyo, ameinama, mpaka simu ikashushwa. Ule utani hakuusema.

Nimejifunza nini? Kwamba nilikuwa nimekasirikia mtu mmoja, kumbe yeye alianza kwa kuinua nyusi tu. Ile kazi nyingine yote ilibebwa na watu wa vitini. Wangenyamaza, angeona aibu, angetafuta joke nyingine. Hadhira ikicheka imeshika ule mkono pamoja naye, na ilikuwa inajua vizuri inaupeleka wapi.

Karibuni mchangie, hata wa kunipinga. Ila kama siku hiyo ulikuwa mle ukumbini, usinianzie na "ilikuwa comedy tu." Anza kwa kutuambia ulikuwa umeketi wapi, na ulikuwa unapiga kelele gani.