Sare za Shule za Goma

Kongo ilipoingia kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, mume wangu alinunua cherehani ya pili. Tulikuwa na kibanda karibu na mpaka, ng'ambo ya Goma, tukishona sare za shule: mashati meupe, kaptula na sketi za buluu. Karibu zote zilikwenda Goma, kwa mama mmoja mwenye duka sokoni. Alivuka mwenyewe kuja kuzichukua, na kwa miaka mingi ya biashara hiyo tulikuwa tumeshakuwa ndugu. Mama yangu alipofariki, mteja wangu huyo alilala kwangu kwenye mkeka pamoja na wafiwa.

“Soko limefunguka,” mume wangu akasema. “Tutashona mpaka vidole viote sugu.”

Niliamini. Nilikulia Tanzania, ukimbizini, na neno mpaka sijawahi kulipenda.

Malori yakaanza kupita, yamefunikwa maturubai, yakitoka Kampala na mbali zaidi. Hayakusimama kwetu. Shule zilipokaribia kufunguliwa, rafu zetu zilikuwa zimejaa. Yule mama akaja mikono mitupu, akakataa chai.

“Dada, mi naogopa kukuambia,” akasema. “Sare inafika kwangu na camion, haya malori yanayopita, moja kwa moja. Ni ya kiwanda. Bei yake iko chini.”

“Ya kiwanda haidumu.”

“Najua. Lakini muzazi anaangalia bei. Donc, nifanye nini?”

Ningekuwa yeye, ningefanya vilevile, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamsindikiza hadi kwenye foleni ya mpakani.

Zile sare zikatudodea. Nilizipeleka Mahoko, upande wetu wa mpaka, siku ya soko, lakini shule za huko zina rangi nyingine. Watu walizishika, wakazirudisha chini. Cherehani mpya tukamuuzia fundi mmoja wa Nyundo. Mume wangu akaenda Mudende kuchimba viazi kwenye mashamba ya watu. Hurudi Jumamosi na matope mpaka magotini.

Siku hizi mama yule hunitumia furushi kwa watu wanaovuka. Ni kaptula za kiwandani, ndefu mno kwa watoto wa Goma, nizipunguze. Hutuma na salamu. Mwenyewe hajaja tena.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nazikunja pindo nyumbani. Mume wangu, aliyekuwa amejilaza, akasikia cherehani.

“Umepata oda?” akauliza, na sauti yake ikachangamka kidogo.

“Ndiyo,” nikasema.

Hakuuliza ya nani, nami sikumwambia.