Salamu Ndefu, Kisanduku Kifupi

Tangu biashara ya korosho iachiwe huria, kila mtu Kilwa Masoko alijiona tajiri mtarajiwa. Bi Mboni, mwenye banda la kubangulia, alikubali hata kutengenezewa tovuti. Msichana wake wa mauzo, Bertha, ndiye aliyemshawishi: mteja anajaza fomu, jina, simu na shida yake, kisha ujumbe unamfikia Bertha pale kwenye duka la intaneti.

Jumbe zilikuja kweli. Ila zote salamu tupu!

"Hawa wateja au wajukuu zangu?" Bi Mboni alifoka. "Shikamoo, shikamoo, basi! Kesho mlanguzi anakuja. Namwachia mzigo wote kwa bei yake ya kunyonga, na tovuti yako ikafie mbali."

"Nipe leo tu, mama," Bertha akaomba.

Akaenda intaneti. Akaijaza fomu mwenyewe, akijifanya mteja: "Nataka korosho magunia mawili." Ikafika nzima. Sasa ubovu uko wapi?

Abilahi, mwenye duka, alichungulia akacheka. "Dada, mtu wa kijijini Pande akuvamie hivyo, bila hodi? Andika kama uliyelelewa!"

Bertha akaanza upya: asalaam aleikum, habari za huko, watoto hawajambo, sisi huku twamshukuru Mungu, poleni na jua, nia yangu hasa ni korosho. Akabonyeza. Ujumbe ulipofika, uliishia kwenye "poleni na jua".

Bertha aliruka kitini. Kumbe kisanduku kinakata maneno! Watu wanasalimia mpaka nafasi inaisha, haja yao inabaki nje.

Akampigia Sixbert, fundi wa tovuti, Dar.

"Mbona nafasi niliweka ya kutosha?"

"Ya kumtosha nani, kaka? Asiye na adabu?"

Sixbert akacheka, akaipanua. Jaribio lililofuata likafika lote, mpaka wasalaam.

Bertha hakungoja. Akawapigia wale wasalimiaji mmoja mmoja. Wa kwanza, Emerensiana mwenye duka Lindi, alidakia: "Jamani! Nimeomba korosho mnaninyamazia, nikadhani mnaringa!"

Bertha alipofika bandani na oda za kumaliza mzigo wote, Bi Mboni alimsikiliza, kisha akaketi juu ya gunia, akashusha pumzi ndefu.

"Huyo mlanguzi mpigie wewe," akasema. "Mwambie asihangaike na safari. Lakini msalimie kwanza."