Jina Nililomtajia Mdogo Wangu

Nilipokuwa mtoto kule Kirua Vunjo, Shangazi Manka ndiye aliyeniambia kwanza kwamba mtoto mchanga anayelia bila kukoma analilia jina. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori wa mama, na alipokuwa akiniambia hakuinua macho kutoka kwenye kisu chake.

"Huyu mdogo wako haumwi tumbo," alisema. "Wazee wa ukoo wanamgombania. Atatajiwa majina yao moja moja. Litakalomnyamazisha ndilo lake."

Nilimwuliza kama jina lolote linafaa.

"La mtu aliyezeeka akafa vizuri. La mtoto, hapana. Mtoto aliyekufa hatafuti wajina. Anatafuta mwenzake wa kucheza."

Nilikuwa na miaka saba, darasa la kwanza. Maneno hayo yaliniingia mwilini na mpaka leo hayajatoka yote.

Mama alikuwa amejifungua wiki sita kabla ya hapo, na kwa desturi yetu alikuwa bado ndani, analishwa na kupumzishwa. Alitaka mtoto aitwe Floransia. Alilisikia jina hilo redioni akalipenda kwa sababu hakukuwa na Floransia mwingine Kirua nzima, wakati kanisani kwetu ukiita Gladness wanageuka sita.

"Mpaka umalize kumwita, ng'ombe ameshamaliza mahindi," Bibi alimwambia. Bibi huyu ni mama yake baba, na tulikaa naye boma moja.

"Basi mama, wewe utamwita Flo."

"Flo! Hiyo si sauti ya jiwe likiingia mfongoni?"

Mama alicheka. Bibi naye alianza kucheka, kisha akakatisha, na Shangazi Manka akatazama chini. Mfongo ni mfereji wa maji unaoteremka kutoka mlimani, na wa kwetu ulipita nyuma ya migomba. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa anautania. Nilijua sababu yake nusunusu tu, kutokana na maneno yaliyowahi kumponyoka Shangazi: yeye na baba walikuwa na mdogo wao wa kike, alikuwa na miaka minne, alianguka mle. Aliitwa Aika. Kaburi lake lilikuwa mgombani pamoja na makaburi ya wazee. Ya wazee yalikuwa na misalaba ya saruji yenye majina. Lake lilikuwa na mmea wa sale tu, bila msalaba wala herufi hata moja. Bibi hakuwahi kulitaja jina hilo mbele yangu.

Siku moja baba alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, Bibi alimpakata mtoto akaanza kumtajia majina. Alingoja baba aondoke kwa sababu baba alikuwa mzee wa kanisa na asingekubali mambo hayo. Alitaja la mama yake mwenyewe. Mtoto alilia. La bibi yake. Alilia. La shangazi yake aliyezeeka mpaka akaota mvi za nyusi. Alilia zaidi, na Bibi akasema kwa uchovu, "Huyu ni mbishi kama baba yake."

Kesho yake mchana mama alisinzia, Bibi akashuka bondeni, nami nikaachiwa mtoto. Nilikaa naye kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Alilia mpaka sauti ikakwaruza. Nilimtikisa, nikamwimbia nyimbo za shule, nikamwonyesha kuku. Mwishowe nikaona misalaba ile kati ya migomba, na kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma, nikaanza kumsomea majina, silabi baada ya silabi, nikijiona nimekuwa Bibi. Kwa yote alilia.

Likabaki kaburi lisilo na kitu cha kusoma.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikusudia. Nadhani nilikusudia, kwa ule ujinga wa mtoto anayetaka kuona kama moto unachoma kweli. Nikasema taratibu, "Aika."

Mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza kidogo kidogo, kama mtoto anayechoka. Alikata, mdomo ukiwa bado wazi, macho yake yakitazama nyuma ya bega langu, upande wa migomba. Sikuthubutu kugeuka. Kelele zilipokoma ndipo niliposikia maji ya mfongo, ambayo yalikuwa yakipita pale siku zote lakini sikuwahi kuyasikia hivyo, karibu hivyo. Nilimbeba mbio nikamlaza pembeni mwa mama, nikaenda kujificha kwenye ghala la majani.

Alilala mchana kutwa. Mama alifurahi mwanzoni. Saa kumi alipojaribu kumnyonyesha, mtoto hakushika ziwa, na mwili ulikuwa wa moto kiasi kwamba mama alipiga kelele kumwita baba. Walimfunga kwenye kitenge, wakateremka naye kwenda zahanati. Niliwatazama mpaka walipopotea kwenye kona, na nilikuwa na uhakika kabisa kwamba mimi ndiye niliyemtoa mdogo wangu akawe mwenzake Aika wa kucheza.

Bibi alikuwa jikoni anapuliza moto. Nilisimama mlangoni hadi akaniona.

"Una nini wewe?"

"Bibi, nimemtajia jina."

"La nani?"

Sikuweza kulirudia. Nilinyoosha mkono kuelekea migomba, upande wa kaburi dogo.

Nilitegemea kofi. Kofi lingenifaa. Badala yake Bibi alikaa chini polepole, kwenye kigoda kile kile cha kila siku, na moto aliokuwa akiupuliza akauacha uzimike. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mpaka siku hiyo nilidhani watu wazima wanajua la kufanya.

"Ulilitaja mara ngapi?" aliuliza.

"Moja."

"Mimi sijalitaja tangu tulipomzika," alisema. "Hata mara moja."

Akainuka. Alichukua maziwa kidogo kwenye kata, akanishika mkono, tukaenda mgombani. Alichuma jani la sale, lile ambalo kwetu mtu humpelekea aliyemkosea ili kumwomba msamaha, akalifunga fundo, akaliweka juu ya kaburi na kumwaga maziwa pembeni. Alisema kwa Kichagga, na mimi naandika kama ninavyokumbuka.

"Aika, mwanangu. Ni mama. Miaka yote hii sijakuita, na wewe uko hapa hapa, unanisikia nikiwaita kuku. Usikasirike. Huyu ni mtoto wa kaka yako. Mwache akue. Jina lako atalibeba, alifikishe mahali ambapo wewe hukufika."

Kisha akaita tena, "Aika," na mara ya tatu, na sauti ikamshinda. Nilimshika gauni, nikalia naye, ingawa nilikuwa ninalia kwa woga na yeye alikuwa analia kwa kitu kingine nilichokuja kukijua nilipozaa mwenyewe.

Baba alirudi peke yake giza lilipoingia. Nilipomwona hana mtoto mikononi, nilikojoa palepale nilipokuwa nimesimama. Lakini alisema muuguzi amemchoma sindano, ni kichomi, mama amebaki naye. Walirudi siku ya tatu. Mtoto alikuwa analia, na hakuna wimbo niliowahi kuusikia ukanifurahisha kama kilio kile.

Siku ya kumwandikisha ubatizo mama alisema Floransia, Bibi akasema, "Aika." Baba alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Aika wa kwanza alikuwa mdogo wake. Mwishowe akaandika Aika. Mama alisikitikia Floransia yake, ila alikiri kwamba jina jipya halina mwenye kulikosea, na anayelisikia kwetu anajua maana yake ni asante. Shangazi Manka alichukua karibu mwaka mzima akimwita "wewe mtoto".

Aika huyo sasa ana saluni Shirimatunda, amenizidi urefu, na ana maneno mengi kuliko wateja wake. Sijawahi kumwambia nani aliyempa jina. Kila tukienda nyumbani akaruka mfongo na viatu vyake vya kisigino, mimi hushika pumzi mpaka afike ng'ambo. Mume wangu ananicheka. Siwezi kusema kama ni sindano au ni jani. Ninachojua ni kwamba baada ya siku ile Bibi alisimulia habari za binti yake kwenye kila mlo, jinsi alivyopenda kiburu cha ndizi na maharage, jinsi alivyoiba sukari, na baba aliweka msalaba wa saruji wenye jina.

Mimi naishi mjini, Pasua, na nina binti wa wiki tatu. Kadi yake ya kliniki iliandikwa "Mtoto wa", kisha jina langu. Mume wangu alitafuta kwenye simu, akaniletea Jarnelisa.

"Halina mwingine Tanzania," alisema.

"Na mwalimu atamwandikaje?"

"Basi toa lako, mama. Huyu ataanza shule anaitwa Mtoto wa."

Langu nilikuwa nalo tangu akiwa tumboni, ila nililiogopa. Bibi alifariki mwaka juzi, mzee kabisa, kitandani kwake. Aliitwa Nsia. Ni jina fupi, si la kila mtu, na halimchoshi anayeliita. Lakini nilikuwa nalizunguka kama Bibi alivyolizunguka lile la Aika, kwa sababu nilijua kimya cha mtoto kinavyokuwa.

Jumapili alasiri binti yangu alilia sana. Mume wangu alikuwa gereji. Nilifunga mlango kwa aibu ya majirani, nikampakata, nikasema, "Nsia." Nikangoja, masikio yangu yakitafuta maji ambayo Pasua hayapo.

Aliendelea kulia. Alilia kwa nguvu zaidi, akarusha miguu, uso ukawa mwekundu, na mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Asubuhi yake nilitafuta kalamu ya wino, nikaandika herufi nne kwenye kadi, nikazikagua mara mbili. Kisha nikambeba Nsia kwenda kliniki, akilia njia nzima, nami sikuwa na haraka ya kumnyamazisha.