Nilivyoiziba pua nyumba ya kisasa ya Stockholm

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, si mwandishi. Elimu yangu ni darasa la saba, Muheza, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe. Nitasimulia lililonipata bila kuongeza chumvi. Ninayo kwenye daftari, maana nina tabia ya kuandika kila linalonipata, na hilo daftari ndilo lililoniponza.

Au ndilo lililoniokoa. Bado sijaamua. Mtaamua nyinyi.

Niko Stockholm mwaka wa saba. Nafanya usafi hospitali, huku Flemingsberg. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebanana na Deo, ndugu yetu wa Kongo, kwenye chumba kimoja Vårby gård. Deo ni mtu mzuri sana ukiondoa kukoroma.

Sasa mke wangu, Mama Salma, pamoja na binti yetu, walikuwa bado nyumbani. Ili waruhusiwe kuja, wakubwa wa uhamiaji wanataka uonyeshe nyumba ya kutosha, yenye mkataba unaoeleweka. Chumba cha Deo hakieleweki hata kwa Deo mwenyewe.

Basi Mungu si Athumani, nikapata nyumba.

Na si nyumba hivihivi wakuu. Jengo jipya, la kubana matumizi ya umeme, madirisha ya vioo vitatu, kuta nene kama za boma la Wajerumani. Vyumba viwili na jiko. Mwenyewe, Bwana Stefan, alikuwa amehamia kaskazini kikazi, akanipangisha kwa mwaka mmoja.

Kuna sharti dogo tu. Huku jengo lina kamati ya wakazi. Mwenye nyumba hakupangishi anavyotaka, lazima kamati ikubali, na ukifika mwisho wa mwaka inakaa tena kuamua kama unaendelea au unafungasha. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Machi. Faili la mke wangu lilikuwa bado mezani kwa watu. Nikifungasha Machi, faili nalo linafungasha.

Hilo liwekeni akilini.

Mtaa wenyewe ni kimya hadi unaweza kumsikia mbwa akiwaza. Watu wanafunga milango kama wanamfunika mtoto aliyelala. Siku ya kwanza nilipiga chafya kwenye ngazi nikajikuta naomba radhi peke yangu.

Nilipewa kijitabu cha kukaribishwa. Kilisema jengo letu ni rafiki wa mazingira na kila mkazi ana wajibu wa kulinda joto. Nikakisoma mara tatu, na kamusi pembeni. Mimi wajibu nikipewa, naubeba.

Jirani wa chini ni bibi mmoja, Gunilla. Mwezi wa kumi alinigongea, akanipa mfuko wa matufaha ya kwenye bustani yake. Nikayaandika daftarini. Nataka hilo lijulikane, maana huko mbele nitamsema vibaya.

Ilipofika Novemba nikagundua jambo.

Jikoni juu ya jiko kuna tundu. Bafuni kuna jingine. Yanaunguruma taratibu, mmmmm, usiku na mchana. Jumamosi moja nikapanda kwenye kiti, nikasogeza kipande cha karatasi ya chooni. Karatasi ikanaswa fyuu! Ikabaki imeng'ang'ania pale juu kama kupe.

Wakuu, nilishuka na hasira. Nje ni baridi ya kuua, mimi nimeambiwa nilinde joto, kumbe nyumba yenyewe inalinyonya na kulimwaga nje! Wizi mchana kweupe. Na Wazungu wote hawa na digrii zao hakuna aliyeona.

Nikachukua soksi zangu za kazini, zile nzito za sufu, moja nikaishindilia jikoni, nyingine bafuni. Juu yake nikapiga utepe wa gundi. Mngurumo ukafa. Nikajisikia raia mwema.

Nikaandika daftarini. Mimi naandika kila kitu.

Jumanne yake nikakuta karatasi mlangoni. "Jirani mpendwa! Harufu ya samaki imefika kwenye ngazi. Salamu zenye jua, Gunilla." Na kajua kamechorwa, kanacheka.

Jua lenyewe wakati huo linazama saa tisa alasiri. Lakini salamu zake zina jua.

Wiki iliyofuata, nyingine. "Jirani mpendwa! Leo tena." Kajua. Halafu ya tatu, ya nne. Nikikaanga kitunguu tu, karatasi. Nikiunga maharage, karatasi. Nikajiuliza mbona Septemba na Oktoba nilikaanga samaki wale wale, bibi yule yule, na hakukuwa na neno? Jibu nililolipata ni lile ambalo wengi humu mngelipata. Kwamba matufaha yalikuwa geresha, na sasa rangi yangu imeanza kumnukia.

Niwe mkweli, mara nyingine nilijitilia shaka. Labda nakaanga sana. Labda mafuta. Nikahamia kuchemsha mwezi mzima, nikala kama mgonjwa. Karatasi zikapungua, ila hazikuisha.

Na nyumba nayo ikabadilika. Vioo vinatoka jasho asubuhi. Ovaroli nilizozianika bafuni hazikauki siku tatu. Nyuma ya kabati ukuta ukaota madoa meusi. Nikasema haya, nyumba za kisasa. Nikafukiza udi kuondoa ule uvundo. Karatasi ya sita ikaja, hiyo haikuwa na kajua.

Deo akaja kunitembelea Januari. Hata viatu hajavua:

"Mon frère, iko harufu gani humu? Unalala mu cave, ile shimo ya chini ya nyumba?"

"Nyumba ya kisasa hii, Deo. Haitaki hewa."

"Ata kaburi haitaki hewa."

Siku hiyohiyo barua ikaja. Kamati inakutana Februari kuhusu mkataba wangu. Kabla ya hapo wajumbe watakuja kuangalia nyumba, kwa kuwa kuna malalamiko. Aliyesaini: Gunilla. Kumbe bibi yumo kwenye kamati!

Mama Salma alikuwa ameshaanza kugawa vyombo kwa mashemeji.

Deo ndiye aliyekumbuka daftari. "Weye si unaandika? Watu wa huku wanaogopa karatasi kuliko polisi. Tutasoma yote mbele yake. Tarehe kwa tarehe. Aone aibu."

Nikaliona wazo la maana. Hata usingizi niliupata.

Wakaja Jumapili mchana. Gunilla, na mzee mmoja mfupi, Bengt, fundi wa mitambo ya jengo, mwenye tochi shingoni. Tukakaa mezani wanne, pamoja na Deo. Kahawa niliweka, na kaimati. Adui au si adui, mgeni ni mgeni.

Gunilla akasema kwa upole kwamba harufu inawafikia wote kwenye ngazi na hawaelewi ni kwa nini. Nikajibu, kwa Kiswidi changu cha korido, kwamba mimi pia sielewi, ila nina ushahidi. Nikamkabidhi Deo daftari. Nikamwambia asome toka Septemba, atafsiri neno kwa neno, ili waone kwamba miezi ya kabla ya malalamiko mimi nilikaanga na wao walinyamaza.

Deo akasoma Septemba. Nimefagia ngazi ingawa haikuwa zamu yangu. Akasoma Oktoba. Jirani kanipa matufaha, matamu, Mungu ambariki. Gunilla akainamisha kichwa. Nikajisemea, ee, mama, bado hujasikia.

Akafungua Novemba. Akasoma mstari mmoja kimoyomoyo, akaweka kidole juu yake.

Nakumbuka ulivyoandikwa: "Leo nimegundua nyumba inaiba joto. Nimeziba tundu la jikoni na la bafuni kwa soksi. Kimya kizuri." Na mstari wa chini yake, siku tatu baadaye: "Karatasi ya kwanza ya jirani."

Deo akaninyanyulia macho. Akaniambia kwa Kiswahili, uso mkavu kama anaendelea kutafsiri:

"Mon frère. Hii nisome ao niruke?"

Mle ndani aliyejua Kiswahili ni yeye na mimi tu.

Wakuu, mniamini, nilikuwa nimeshaona. Miezi mitatu sikuyaona, nikayaona kwa sekunde moja, mistari miwili imekaa pamoja kama mtu na mkewe. Angeruka tu. Tungesoma karatasi zote sita na vijua vyake, bibi angeona haya, mkataba ungepita. Soksi ningezitoa wakishaondoka.

Gunilla alikuwa ananiangalia, anangoja. Mkononi ana kaimati, ameuma nusu.

Nilichowaza si cha kishujaa. Niliwaza kwamba nimemwita mbaguzi kurasa ishirini, na kosa ni langu ukurasa mmoja. Daftari likisema makosa ya mwenzio tu, huo ni umbea wenye tarehe.

Nikasema, "Soma."

"Mama Salma asipofika, usinilaumu miye."

"Soma, Deo."

Akasoma.

Bengt hakusubiri amalize. Aliinuka, akapanda kwenye kiti kilekile, akabandua gundi na kuvuta. Soksi ikatoka taratibu, nyeusi, ndefu, ina mafuta, kama anamtoa nyoka shimoni. Akaenda bafuni akarudi na pacha wake. Akaziweka mezani. Karibu na kaimati.

Nyumba ikaanza tena: mmmmm.

Akanieleza kama mtoto, lakini bila dharau, nasema haki yake. Joto haliibiwi. Hewa chafu ikitoka, mtambo unalivua joto lake njiani, unalivisha hewa safi inayoingia vyumbani. Nikiziba njia ya kutokea, ile safi inaendelea kuingia, na ya ndani inatafuta pa kupita. Inapita chini ya mlango, pamoja na samaki wangu, inashuka ngazi, inampigia hodi Gunilla. Unyevu nao unabaki ukutani.

Yaani nilikuwa nalinda joto kwa kumkaba koo mlinzi wake.

Gunilla alizitazama soksi. Halafu akauliza, "Na matufaha uliyaandika kweli?"

"Niliandika."

"Aendelee kusoma."

Deo akaendelea. Akafika Desemba, pale nilipoandika kwamba bibi huyu ana pua ya mbwa wa polisi. Akaniangalia tena. "Ao niruke?"

Hapo, wakuu, nilisema ruka. Sijadai kuwa malaika.

Februari niliipitisha kama mtu anayesubiri majibu ya damu. Barua ilipokuja nilimpa Deo aifungue. Mkataba umeongezwa mwaka mmoja. Masharti mawili: nisugue ukuta na kupaka rangi upya, na nisiguse tundu lolote. Mwishoni: "Salamu zenye jua", na kajua kake. Safari hii nilikatazama sana. Nadhani hata siku zile kalikuwa kanacheka kweli, ni mimi tu.

Sisemi kwamba ubaguzi haupo. Upo, nimekutana nao, na huo pia umo daftarini. Ninachosema ni kwamba safari hii haukuwepo, na mimi nilikuwa nimeshauhukumu. Ukiandika kosa la jirani, rudi nyuma ukurasa mmoja uangalie wewe ulifanya nini. Ni somo chungu, hasa likisomwa kwa sauti kwa lugha mbili.

Mama Salma na Salma walitua juzi Alhamisi. Nimempitisha chumba kwa chumba, nimemwonyesha vioo vitatu, kuta, jiko lisilo na moto. Nilipomaliza hotuba alisimama katikati ya jiko, akaangalia juu, akasema:

"Baba Salma, mbona lile tundu linatunyonyea joto?"

Kwa hiyo mliowahi kukaa nyumba za aina hii, nipeni maneno ya kumwambia mke mliyengojana naye miaka saba, yasiyoleta ugomvi wiki ya kwanza. Kunicheka pia ruksa. Ila fanyeni haraka kidogo, maana ninavyoandika hapa ameshapanda kwenye kiti, na soksi anayo mkononi.