Vifungo vya Mwezi wa Sita

Mwezi wa sita ukiingia Nairobi watu huvaa masweta, huanza kukohoa, na kila ugonjwa husingiziwa baridi. Wangeci Mwaura hakuwa na kikohozi. Yeye aliumwa na tumbo, lile tumbo la mtu aliyeitwa ofisini bila kuambiwa sababu, na halikumwachilia mpaka aambiwe kwamba ritani zake, zile taarifa za kodi za kila mwaka ambazo mwisho wake ni mwezi huo, zimeshaenda.

Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na ushee, mwenye duka dogo kando ya Barabara ya Ngong, karibu na mtaa wa Woodley. Si kwamba alikuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza mwizi kwa rula ya mbao, na mwizi huyo mpaka leo hajarudi kuchukua kiatu chake. Lakini ukitaja kodi, utamwona Wangeci anatafuta kiti.

Ufundi alifunzwa mjini, Biashara Street, katika duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi aitwaye Sushila. Duka lile lilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mwenye wasiwasi hakati kitambaa. Ukifika kazini umemwacha mtoto mgonjwa, au umegombana na mume, ulinyang'anywa mkasi ukapewa sindano na rundo la mashati, ukakaa kando ukishona vifungo hadi roho itulie. Hakuna aliyekuuliza lililokusibu. Kifungo ukikikosea unakata uzi na kuanza upya, lakini kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Sushila alifariki zamani na duka lake sasa linauza mapazia, ila Wangeci aliishika sheria ile. Ndiyo maana sare alizoshona mwezi wa sita zilikuwa na vifungo ambavyo hata watoto wa darasa la tatu walishindwa kuving'oa.

Mwaka huu aliivunja.

Shule moja ya Kileleshwa ilikuwa imekubali kumpa kazi aliyoiota miaka na miaka: sare za shule nzima, kuanzia chekechea. Kilichobaki ni mashati machache ya mfano, na cheti cha kuonyesha kwamba mambo yake ya kodi yako sawa, nacho kilitakiwa kabla mwezi haujaisha. Mwalimu mkuu alimweleza kwa upole tu, lakini hakusahau kutaja kwamba kuna fundi mwingine anayesubiri. Wangeci aliaga akitabasamu, akatoka nje akihesabu siku zilizobaki.

Hakuwa amekwepa kulipa chochote. Shida yake wanayo watu wengi mjini, wala hawaisemi. Siku alipofunguliwa akaunti ya kodi hakuwa na barua pepe, na Zedekiah, mwenye saiba, duka la intaneti, pale jirani, alimwambia asisumbuke, akaweka ya kwake mwenyewe. Tangu hapo kila mwaka ni Zedekiah aliyejaza, akabofya, akamwambia Mama Ciru, kama mtaa ulivyomwita Wangeci, aende akalale, na Mama Ciru akaenda akalala. Safari hii alikuta saiba imegeuka kuwa duka la chipsi. Binti yake Ciru, anayefanya kazi ofisini Hurlingham, alijaribu kuingia kwenye akaunti kwa simu yake, nywila ikakataa. Akaomba nyingine, akajibiwa kwamba imetumwa kwa barua pepe, yaani kwa Zedekiah. Na simu ya Zedekiah ilikuwa imezimwa.

Siku hiyo Wangeci alirudi dukani akashika mkasi kwa hasira, akaanza kukata mashati ya mfano ambayo shule ilitaka kuyaona. Alipoanza kuunganisha ndipo alipogundua kwamba mikono yote ilikuwa ya kushoto. Rundo zima, wa kulia hakuna hata mmoja. Alikaa kwenye kigoda akalia. Kisha akapangusa uso kwa kitambaa hicho hicho, maana hakikuwa na kazi nyingine tena.

Jioni Ciru alipopiga simu, alimkuta mama ameshaamua. Alisema kesho angeenda kuwaambia watu wa shule wampe kazi yule fundi mwingine, yeye aendelee na wateja wake wa viraka na zipu. Alisema amechoka. Ciru alimwacha amalize.

"Mum," akamwuliza, "leo ulishona vifungo?"

Wangeci alitaka kumkaripia, lakini macho yakamwangukia lile rundo la mikono ya kushoto. Alipokata simu alivuta rundo la mashati ya wateja, akatunga uzi, akaanza. Alishona mpaka chai ikapoa kikombeni. Tumbo halikupona, lakini kichwa kilianza kupanga mambo foleni, moja nyuma ya jingine, na la mbele kabisa lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani: amtafute Zedekiah. Kabla ya kulala alimpigia Ciru tena, wakafungua barua pepe kwa jina la Wangeci, naye akaikariri herufi kwa herufi.

Mkaanga chipsi ndiye aliyemwelekeza. Zedekiah alikuwa siku hizi kwenye kibanda cha mboga cha mkewe, ndani ya Woodley. Wangeci alipofika alimwona mtu akiinama ghafla nyuma ya makabeji.

"Zedekiah, nimekuona," alisema. "Toka tu."

Alitoka akiwa amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Akaeleza bila kumtazama usoni. Ile barua pepe ilikuwa imefungwa, hata yeye hawezi kuifungua, na laini ya simu aliyoisajilia aliipoteza kitambo. Nusu ya mtaa ilikuwa ndani ya barua pepe hiyo moja. Tangu mwezi uanze walikuwa wakimpigia mchana kutwa, mpaka akazima simu. Chakula hakipiti. Akamwomba aache mwaka huu upite, atatozwa faini kidogo, mwakani wataona.

Wangeci alihisi hasira ikimpanda hadi masikioni. Ilimuuma kwamba jambo hili lilimlaza macho miaka yote, na halikuwahi kuwa mikononi mwake hata siku moja. Ilimuuma zaidi kwamba alikubali mwenyewe.

"Hiyo kazi ya shule siachi," alisema. "Kesho asubuhi tunaenda town, mimi na wewe. Na utafute mshipi."

Foleni ya ofisi ya kodi katikati ya mji ilikuwa imetoka mlangoni na kukunja kona. Watu walikuwa wakilalamika, wengine wakisukumana kwa adabu ya watu wenye haraka. Wangeci alikaa juu ya ukuta mfupi wa maua, akatoa mashati kwenye mfuko, akaanza kushona vifungo. Waliokuwa karibu walicheka, halafu wakazoea. Zedekiah alikaa kando yake akitikisa mguu, akigeuka kila mtu alipokohoa, kana kwamba mtaa wote ungetokea kumkamata.

Wangeci alitunga sindano ya pili akampa. Zedekiah akasema hajui. Akaonyeshwa: pitisha uzi, rudisha, zungusha chini ya kifungo, funga. Kifungo chake cha kwanza kilikaa upande, na Wangeci akakikata. Cha pili kilikaa sawa. Alipofika cha tatu, macho yakiwa kwenye sindano, Zedekiah alianza kusema mambo ambayo hata mkewe hakuwa ameambiwa: kwamba anaogopa watu watampeleka polisi, kwamba anakwepa hata kanisa, kwamba aliwasaidia kwa nia njema na sasa anawaogopa wale wale. Wangeci alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia tu kwamba uzi wake ni mrefu mno.

Zamu yao ilipofika, kijana wa dirishani aliomba kitambulisho, akamwuliza Wangeci maswali mawili matatu kuhusu yeye mwenyewe, naye akayajibu. Kisha akaomba barua pepe mpya. Wangeci alisimama wima, akaitaja herufi kwa herufi. Muda si muda simu ikatetemeka ndani ya mkoba. Nywila ilikuwa imekuja kwake, haikupitia kwa mtu.

Alimwomba kijana amwonyeshe pa kubofya, lakini asimbofyee. Alijaza hesabu za duka pole pole kwenye simu yake. Kila alipomaliza mstari aliusoma tena kabla ya kuendelea. Ritani ikaenda. Akaomba cheti, wakatoka nje kukingojea.

Kiliingia kwenye simu wakiwa wanakula mayai ya kuchemsha kwenye ngazi. Wangeci alikisoma, akakisoma tena, akamtumia mwalimu mkuu, na baada ya kitambo akajibiwa kwamba Jumatatu aje kupima watoto, na mashati ya mfano ayalete siku hiyo hiyo. Alifurahi mpaka akacheka peke yake. Tumbo lilikuwa limetulia, na hakukumbuka lilitulia saa ngapi.

Zedekiah alimpongeza kwa moyo wote, akapangusa mikono, akainuka aende zake. Wangeci akamshika shati.

"Washa simu," alisema.

"Mama Ciru, watanitusi."

"Watakutusi. Wakimaliza, waambie waje na kitambulisho na email yao wenyewe. Umeona vile inafanywa."

Zedekiah alikaa tena. Alitoa simu mfukoni, akaiminya, akaishika kwa mikono miwili ikiwaka. Ujumbe ulimiminika mpaka akageuza uso. Kisha ikaanza kuita. Alisema ni Dalmas wa buchari, yule mwuza nyama, na kwamba huyo ndiye mkali kuwashinda wote.

Wangeci alikuwa amerudia shati la mwisho, maana lilibakiza kifungo kimoja.

"Pokea," alisema, akavuta uzi.

Zedekiah akapokea.